Boti Kuukuu ya Mume Wangu

Boti ililetwa kwetu Karurumo mgongoni mwa lori dogo, kanta, Jumamosi moja majirani wakiwa wanachuma kahawa. Wengi waliacha mikebe yao wakaja kusimama barabarani. Sisi tunaishi huku juu, kwenye kahawa na makadamia, na maji yanayoweza kubeba boti yako mbali, chini kabisa kwenye mabwawa ya Mto Tana. Kabla dereva hajazima kanta, mtu alikuwa ameshaipa boti jina: safina. Jina hilo halikutoka tena.

Mume wangu hakujali. Alikuwa amemtengenezea mwenye hoteli mmoja kando ya bwawa pampu na jenereta, na badala ya malipo akaomba ile boti iliyokuwa imelala nyuma ya jikoni, nyasi zimeota ndani. Ilikuwa ya faibaglasi, ndefu kama sebule yetu, na injini yake ya petroli ilifungwa ndani kabisa, upande wa nyuma, chini ya kifuniko cha mbao. Sakafu ilikuwa imeoza. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki hata ukiilazimisha.

"Mwalimu, nipe miezi sita tu," aliniambia. "Nitakupeleka uwaone viboko kwa karibu."

"Viboko nimewaona vitabuni," nikamjibu. "Wamenitosha."

Inafaa nieleze tulivyokuwa tumeishi. Kwa zaidi ya miaka thelathini mume wangu alikuwa fundi kule Timau, kwenye mashamba makubwa ya ngano, akitengeneza matrekta na zile mashine za kuvunia. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya msingi hapa nyumbani. Alikuja mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akarudi kwenye baridi yake. Watoto niliwalea mimi. Alipostaafu akaja kukaa moja kwa moja, nilipokea mtu niliyempenda lakini ambaye sikuzijua tabia zake za kila siku. Kwa hiyo mambo yalipoanza, sikuwa na cha kuyalinganisha nayo. Alikuwa akiuliza kama maziwa yameshapelekwa, nikamjibu, na kabla chai haijapoa akauliza tena. Nikajiambia, huenda ndivyo alivyokuwa siku zote. Huenda huko Timau alikuwa akiwauliza wenzake vivyo hivyo.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Alisimika nguzo tatu za mkaratusi, akazifunga juu pamoja, akaning'iniza cheni bloki ya kunyanyulia mizigo na kuitoa injini polepole kama mtu anayemtoa ndama tumboni. Boti aliiweka juu ya magogo, chini ya mabati tuliyojenga kando ya zizi. Alikata sakafu iliyooza vipande vipande. Kila alipodhani amefika kwenye mbao nzima, bisibisi ilizama kama kwenye ugali. Alipaka resini, gundi kali ya faibaglasi, juu ya mbao mpya, akapiga msasa hadi nyusi zake zikawa nyeupe, na ng'ombe wakakataa kula kwa siku mbili kwa sababu ya ile harufu.

Injini aliifungua juu ya magunia. Nilipenda kumtazama. Alikuwa haandiki chochote. Alipanga vipuri kwa mistari, kila kimoja mahali pake, na ukimuuliza hiki ni nini alikwambia kilipotoka, kinafanya kazi gani, na kikiharibika mlio wa injini unabadilika vipi.

Halafu akaanza kuandika.

Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu mimi ni mwalimu. Alinunua karatasi ya gundi, ile ambayo mafundi hubandika kando wakati wa kupaka rangi, akawa anabandika kipande kwenye kila kipuri na kuandika kwa kalamu: *bolti ya mbele, kushoto. Gaskiti ya chini. Paipu ya petroli, klipu mbili.* Baada ya wiki kadhaa niliona vipande hivyo hata kwenye vifaa vyake vya kazi. Kwenye spana aliandika *spana ya plagi.* Kwenye nyundo hakuandika kitu, na nakumbuka nilihisi nafuu kwa sababu hiyo, nafuu ya kijinga.

Siku ya kufua nilipekua mifuko ya ovaroli yake kama kawaida. Nikatoa kipande cha karatasi ile ile ya gundi, kimekunjwa vizuri. Kilikuwa na majina ya watoto wetu wanne, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kila jina na namba yake.

Niliketi kwenye ukingo wa karai. Povu lilikauka mikononi mwangu. Nilipokwisha kuketi vya kutosha nilikirudisha kipande kile mfukoni, nikaitundika ovaroli bila kuifua.

Nilimpigia simu binti yetu, anayefanya kazi ofisini mjini Meru.

"Mama, Baba amezeeka tu," alisema. "Hata mimi nasahau nimeweka wapi simu."

"Wewe huandiki majina ya watoto wako."

Akasema tungoje Krismasi, watakuja wote, tutaona.

Kabla ya Krismasi injini ilikuwa tayari kurudishwa, na mume wangu akamwita rafiki yake wa Timau aliyefanya naye kazi tangu ujana. Alikuja na koti zito ambalo huku kwetu halina kazi. Walifanya kazi siku mbili. Siku ya pili waliishusha injini ndani ya boti, cheni ikilia jino moja baada ya jingine, na rafiki yake akalala kifudifudi kuhakikisha injini na shafti ya propela zimenyooka sawasawa. Nilisimama mlangoni mwa zizi na sufuria ya githeri, na sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Mume wangu alikuwa ameshika bolti mkononi na kuisoma karatasi yake. Akaisoma tena. Rafiki yake aliinua kichwa, akamtazama, kisha akanitazama mimi.

Jioni mume wangu alipokwenda kuoga, rafiki yake alinifuata jikoni.

"Shemeji," alisema, "alikwambia aliachaje kazi?"

"Alistaafu."

Aliangalia chini. "Hakustaafu. Aliambiwa apumzike. Alikuwa amefunga ndoano ya trela, akasahau pini. Trela ilifunguka kwenye mteremko. Kuna mtu aliruka akapona, lakini ilikuwa karibu sana. Na haikuwa mara ya kwanza. Sisi wengine tulikuwa tunapita nyuma yake, tunakaza alichosahau. Karibu mwaka mzima tulifanya hivyo."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Alituomba tusikwambie."

Nilimimina chai, ikafurika nje ya kikombe. Aliniambia ameshakagua kila kitu kwenye injini, kila klipu, kila waya, na kwamba haina tatizo. "Lakini asiiguse tena peke yake," alisema. "Akitaka kuiwasha anipigie, nitakuja." Asubuhi iliyofuata alirudi Timau.

Niliyajua hayo yote na bado nilikwenda kanisani Jumapili ile. Mume wangu alisema mgongo unamuuma. Sikukaa hadi mwisho wa ibada. Kitu kilinitoa kwenye benchi, nikatembea haraka huku viatu vikinikata, na nilipofika getini nikasikia harufu ya petroli. Haikuwa ile harufu ndogo ya mikono yake na nguo zake. Ilikuwa imejaa ua mzima.

Alikuwa ameketi ndani ya boti, kwenye kiti cha usukani, amevaa ovaroli. Karibu naye juu ya kiti kulikuwa na spana, na klipu mbili ndogo zimewekwa pamoja vizuri. Paipu ya petroli ilikuwa imechomoka. Chini ya injini, ndani ya tumbo la boti, kitu kiling'aa rangi rangi, na petroli ya tangi tulilokuwa tumelijaza ilikuwa inaendelea kudondoka. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo.

"Nilikuwa nakagua," alisema kwa furaha. "Kila kitu kiko sawa. Simama hapo usikie inavyowaka."

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nadhani ni miaka ya darasani. Mtoto akiwa juu ya mti hupigi kelele.

"Chakula kimeiva," nilisema. "Njoo ule kwanza, ndipo uwashe."

"Ni dakika moja tu, Mwalimu."

"Kitapoa."

Aliutazama ufunguo. Niliona uso wake ukipima, kama mtu anayesikiliza redio isiyoshika vizuri. Kisha akautoa mkono, akashuka ngazi, akapita mbele yangu kuelekea nyumbani ambako hakukuwa na chakula chochote. Betri ilikuwa nje, juu ya kreti, nyaya zake zikipanda kuingia ndani ya boti. Nilichukua spana nikaulegeza ule waya wa kwanza, kisha wa pili, nikazitupa nyaya mbali. Baadaye nilipomsimulia rafiki yake kwa simu, aliniambia kwamba kuchomoa waya wa betri mahali penye mvuke wa petroli nako kungeweza kutoa cheche. Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wangu wa kanisani begani.

Nilimkuta mezani, mikono imekunjwa, akingoja. Nilimkatia mkate. Alipokwisha kula nikaweka zile klipu mbili mbele yake.

Alizitazama. Alizichukua, akazigeuza, akaziweka chini. Nikaona kwamba amezijua, na kwamba ameelewa.

"Timau ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini boti?"

Alifikiri. "Nilidhani mikono itakumbuka," alisema. "Kichwa nilijua kinaniacha. Lakini mikono nilidhani itabaki."

Alilia kidogo, bila sauti, na mimi nikalia naye. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na nje majirani walikuwa wakirudi kutoka kanisani wakiongea juu ya mambo yao. Tulifunga mlango.

Siku hiyo hiyo nilimpigia binti yetu, na hakusema tungoje Krismasi. Alikuja akatupeleka Meru, hospitalini. Walimuuliza maswali, wakampiga picha ya kichwa, wakatueleza kwa upole kile nilichokuwa nimeshakisoma kwenye kile kipande cha karatasi. Dawa zilikuwepo za kupunguza kasi ya ugonjwa. Za kurudisha nyuma hazikuwepo.

Niliporudi nilitaka boti iondoke. Ni rafiki yake aliyenishawishi. "Amefanya kazi hii karibu mwaka, shemeji. Acha aipande mara moja. Mimi nitakuwa ndani, na sitabandua macho kwake." Alikuja tena na koti lake, akakausha petroli yote, akasafisha tumbo la boti, akafunga upya kila kitu, mume wangu akimpa spana. Mara nyingine alimpa iliyo sawa.

Tuliishusha bwawani asubuhi, maji yakiwa tulivu na rangi ya chai ya maziwa. Mwenye hoteli alitutolea majaketi ya kuokolea. Alituonyesha kwa mkono upande wa kushoto, penye matete, akasema tusiende huko kwa sababu viboko wana watoto. Injini iliwaka mara ya kwanza. Mlio wake ulikuwa mzuri, mzito na wa sawasawa, na uso wa mume wangu ulikuwa uso wa yule kijana aliyekuja kwetu na pikipiki ya mkopo kuniona.

Aliendesha vizuri. Nataka niandike hivyo, kwa sababu ni kweli. Alikata kona pana, akapunguza mwendo, akatazama nyuma kuona maji ya kupoza injini yanatoka. Rafiki yake alinitabasamia. Nilianza kulegeza vidole nilivyokuwa nimevishikilia ukingoni.

Tukiwa katikati, mbali na pande zote, boti ikaanza kupinda kushoto. Haikupinda kwa ghafla. Ilielekea matete polepole, kama iliyo na shughuli huko. Kule mbele niliona mawe meusi matatu juu ya maji, kisha mojawapo likafunga masikio na kuzama.

"Baba," nilisema, "tunakwenda wapi?"

Aligeuka. Alinitazama kwa upole, kwa heshima, kama anayemtazama abiria asiyemjua.

"Mama," alisema, "wewe unashukia wapi?"

Rafiki yake ndiye aliyeinuka, akamwekea mkono begani. "Mzee, nipe mimi kidogo. Umeendesha vya kutosha." Mume wangu alimwachia usukani bila ubishi. Mtu huyu ambaye hajawahi kumwachia mtu spana yake. Boti ikageuka, na nyuma yetu maji yalivimba mahali tulipokuwa tukielekea, yakatulia.

Kabla ya kufika ukingoni alikuwa amerudi. Aliniuliza kama nimelowa, akavua shati lake la juu akanifunika miguu. Sikumwambia alichoniuliza, na rafiki yake pia hajawahi kumwambia.

Boti tulimwachia mwenye hoteli. Mwanzoni mume wangu aliiulizia, sasa haiulizii. Binti yetu alimletea pampu ya maji iliyokufa, isiyo na petroli wala umeme, na kila asubuhi anaifungua juu ya meza ya veranda, anaipanga, anaifunga. Mimi niko jikoni au kwenye ndizi, nasikiliza chuma kikigonga chuma. Sauti ikikatika, naacha ninachofanya, natoka nje kuangalia kama bado yuko, na kama geti limefungwa.