Upote wa Twiga

Mume wangu Gudo alikuja kambini kwetu na suruali ya shule iliyokatwa magotini, na mikononi hakushika kitu. Mwanaume mzima, ndevu zimeshaanza kuota, mikono mitupu. Mama yangu alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

"Huyu atafanya nini hapa?" akauliza. "Amekuja kutusomea mawe?"

Huku kwetu Yaeda mwanaume huja kukaa kwa watu wa mkewe, na huja na upinde wake. Gudo hakuwa nao kwa sababu baba yake alikufa mapema, yeye akapakiwa kwenye lori na kupelekwa shule ya bweni. Huko walimfundisha mito ya nchi za mbali. Alipotoroka na kurudi, wa rika lake walikuwa wanaangusha pundamilia, naye hajui hata mti wa upinde unafananaje. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa mchekeshaji, na kwa sababu nikiongea alinisikiliza, jambo ambalo wanaume wetu huliona kama ugonjwa.

Mama alimvumilia mpaka tukapata mtoto wetu wa kike, Abande. Mtoto alipoanza kukaa, mama alikuja mlangoni kwangu akasema kwa sauti ya kutosha Gudo asikie kule alikolala.

"Mvua zikinyesha na huyu bado hana upinde, arudi alikotoka. Sitalisha watoto wawili."

Hakuwa anatania. Kwetu hakuna baraza wala hakimu wa mambo hayo. Mwanaume anarudi jioni anakuta kibanda hakina nafasi yake, watu wote wanatazama pembeni, basi imekwisha. Nilikuwa nimeona ikiwatokea wengine na niliogopa.

Kaka yangu Madulu ndiye aliyekuwa fundi. Pinde nyingi za bonde letu zilitoka mikononi mwake. Jicho lake moja lilikuwa limeshakuwa jeupe, na la pili lilikuwa linafuata. Gudo alimkuta mahali wanaume wanapokaa, akachuchumaa mbali kidogo.

"Shemeji, nifundishe kutengeneza upinde."

"Wewe si umesoma? Kafungue kitabu."

"Kitabu cha upinde sikukiona huko."

"Basi hukusoma." Wenzake wakaangua kicheko. Madulu alikuwa ananyoosha mshale kwa meno. Akautoa mdomoni, akatema. "Kesho uje na shoka. Mdomo uuache nyumbani."

Walipanda mlimani kutafuta mutateko, mti tunaochongea pinde. Madulu aliupapasa mmoja, akauacha, akapapasa mwingine. Gudo akamwonyesha mti ulionyooka vizuri kuliko yote.

"Ule una kinyongo," Madulu akasema. "Utakuvunjikia usoni."

"Umejuaje na hata hukuugusa?"

"Nimeshauchonga mwenzake. Kata huu, acha maswali."

Upinde wa kwanza Gudo aliuchonga pande zote mbili, kwa usawa, mpaka ukapendeza. Alipoukunja tu ukalia na kukatika. Madulu aliokota vipande, akapitisha kidole gumba pale palipokatika, akasonya.

"Umemkata mgongo. Wewe ukikatwa mgongo utakaa? Unachonga tumboni tu. Mgongo unauacha kama ulivyozaliwa."

Mama akavichukua vile vipande akapikia, na kila aliyepita mama alimwambia kwamba hapo anapikia upinde wa mkwe wake.

Wa pili ulikuja vizuri zaidi. Aliupasha kwenye majivu ya moto, akaupaka mafuta, akaubana kwenye panda ya mti ili upate mkunjo wake. Sasa mafuta. Madulu alimwambia apake kidogo, kiganja kimoja, halafu aingize upinde ndani. Gudo akaona kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Akaumiminia mafuta yote tuliyopewa na majirani, akauacha pale pale kwenye panda unywe. Asubuhi hatukuukuta. Tulifuata nyayo za fisi mpaka korongoni, tukakuta kipande kimoja kimetafunwa kama muwa. Kambi nzima ilicheka mpaka watu wakakaa chini. Madulu alicheka hadi lile jicho jeupe likatoa machozi.

"Mkwe wangu ni mkarimu," mama alitangaza. "Sisi hajatupa hata panya, lakini fisi amewapikia."

Gudo naye alicheka, ila jioni hakula. Alikaa nje anatazama upande wa ukuta wa bonde, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Nilimwambia ajaribu tena. Akanijibu kwamba mikono yake ni ya mtu mwingine, hajui ni ya nani. Mimi nikamwambia hata iwe ya nani, kesho itashika shoka.

Upinde wa tatu aliuchonga bila haraka. Alikaa chini, mti ameubana kwa vidole vya miguu, kisu kinakuja kifuani kidogo kidogo, na maranda yanaanguka mapajani. Palipopinda alipauma kwa meno mti ukiwa bado wa moto, midomo ikamchubuka. Kila mara alimpelekea Madulu, naye aliupapasa kutoka ncha hadi ncha, akamrudishia. Siku moja aliupapasa, akaurudia kuupapasa, akaulaza mapajani mwake.

"Huu umezaliwa," akasema.

Ulibaki upote, kamba yenyewe. Hapo ndipo penye kazi. Upote wetu hutoka kwenye ukano wa mnyama mkubwa: unaupondaponda, unauchana kwa kucha, unautafuna hadi ulainike, unausokota pajani. Sasa mnyama mkubwa humwangushi bila upinde, kwa hiyo upote wa kwanza wa mwanaume hutoka kwa mnyama wa mtu mwingine. Zamani hilo halikuwa tatizo. Lakini ng'ombe wa wafugaji wamejaa bondeni, mashamba yamepanda hadi kwenye visima vya wanyama, na pundamilia wamehama. Gudo alizunguka kila moto akiomba. Watu walimwonyesha vikano vyembamba vya digidigi, vya kufungia kidonda tu.

Radi ya kwanza ilipopiga ng'ambo ya ziwa, Madulu alichukua upinde wake, akalegeza upote, akauvua. Ulikuwa wa twiga. Huyo twiga mimi namkumbuka, nilikuwa msichana mdogo, tulihamia kambi nzima pale alipoangukia. Tangu hapo hakuna tena twiga wa kupigwa, na atakayempiga analala jela.

"Shika," Madulu akasema.

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi nipige nini, sauti? Siku ukiangusha pundamilia utanitolea wa kwangu. Funga haraka kabla sijabadili mawazo."

Mvua zikanyesha na Gudo akabaki. Alianza kuleta kanga, kisha digidigi, kisha nguruwe mmoja ambaye hata mimi sikuamini. Mama alipokea nyama, akatafuna taratibu.

"Ina ladha ya chaki," akasema, akaongeza kipande kingine. Nilimfahamu mama yangu. Huyo alikuwa amekubali.

Kisha Abande akapata homa. Siku ya kwanza tulidhani ni meno. Asubuhi iliyofuata macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, akawa hanyonyi. Mama alichemsha mizizi yake, akamwogesha, lakini homa haikushuka. Hospitali iko mbali, kwa miguu mtoto asingefika.

Mchana huo likaja gari la wageni. Siku hizi wanakuja, wanataka kuona tunavyowasha moto. Gudo alimkimbilia dereva, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua.

"Kaka, mtoto anakufa. Tupeleke hospitali."

"Gari limejaa, kaka. Na hawa wana ratiba, mimi ni mwajiriwa tu."

"Mwanamke na mtoto tu. Mimi nitabaki."

"Nimekwambia limejaa."

Kulikuwa na mgeni mmoja, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, ambaye tangu ashuke alikuwa anautazama upinde wa Gudo begani. Akaongea na dereva kwa lugha yao. Dereva akakuna shingo.

"Huyu mama ameupenda huo upinde. Lakini anautaka na kamba yake hiyo hiyo, hataki ya plastiki. Ukimpa, mimi nitawabana mkeo na mtoto hapo mbele na mizigo."

Sijui kama yule mama alijua anauziwa nini. Nadhani hakujua. Gudo hakumtazama Madulu, wala mama yangu, wala mimi. Aliuvua begani akaushika kwa mikono miwili, akamkabidhi. Yule mama alifurahi, akamkumbatia, akapigwa naye picha. Mimi nilisukumwa ndani na Abande kifuani, na njia nzima ncha ya ule upinde ilikuwa inanigusa sikio. Nilikuwa na hasira ya kuuma kitu, na nilikuwa nawashukuru, yote kwa pamoja.

Mtoto alipona. Wauguzi walisema tungechelewa kidogo tu ingekuwa basi. Tulikaa huko mpaka akarudisha mashavu, tukarudi kwa lori la chumvi na kwa miguu. Wa kwanza kunisikia ninakuja alikuwa Madulu.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua, kaka. Ananyonya."

"Basi," akasema, akageukia upande mwingine.

Hakumlaumu Gudo hata siku moja. Lakini aliacha kwenda mahali pa wanaume, na mwezi ulipokufa alifungasha ngozi yake ya kulalia akaenda kwa watu wengine, ng'ambo ya mlima. Alisema huko kuna kivuli kizuri kwa macho. Upinde wake aliuacha umeegemea kibanda chake, hauna upote. Mchwa waliuingia.

Gudo alichonga mwingine, mzuri kuliko ule. Alijaribu kamba ya nailoni, ikavutika na mshale ukaangukia miguuni pake. Akaenda kwa wafugaji wakampa ukano wa ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Mama aliuona akautupa motoni palepale, na safari hii sikumwona mkorofi. Ng'ombe wao yeyote akipotea, na mtu wetu akakutwa na ukano wa ng'ombe kwenye upinde, watatumaliza bila kuuliza. Gudo akauweka upinde wake juu ya matawi ya kibanda, ukakauka huko.

Nilingoja mama amfukuze. Kila jioni nilitengeneza mahali pake pa kulala mapema, nikakaa mlangoni, nikiwa tayari kwa ugomvi. Hakuja. Wanaume walipoondoka asubuhi, Gudo alibaki anafagia majivu yao, kisha hata kufagia akaacha. Siku moja tulipokuwa tunatoka wanawake kwenda kuchimba mizizi ya kula, mama alichukua mti wake wa kuchimbia, akaunoa ncha, akampa.

"Njoo nasi, mwanangu," akasema. "Utakaa peke yako hapa ufanye nini?"

Akaja. Alimbeba Abande mgongoni, akapiga magoti kati yetu, akachimba. Alichimba vizuri. Alijua kusikiliza ardhi kwa kuigonga, akatoa mizizi minene kuliko yangu, na wanawake wakamsogezea nafasi bila mzaha wowote. Jua lilipopanda, mama alimkatia mzizi uliochomwa vizuri, akaupangusa majivu kwa kiganja chake.

"Kula, mwanangu. Pumzika kidogo, jua ni kali."

Alisema kwa upole kabisa, kama anavyosema na wagonjwa. Gudo akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akala ametazama chini. Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilimvuta mama pembeni ya mashimo.

"Mama, mtukane," nikamwambia. "Nakuomba. Mtukane kama zamani."

Mama alinitazama, na nikaona kwamba naye alikuwa anaumia.

"Nimtukanie nini, Nange?" akasema. "Mtu humtukana anayemdai. Huyu sina ninachomdai tena."

Akarudi kwenye shimo lake, nami nikarudi kwenye langu, tukaendelea kuchimba.