Viazi Vyekundu vya Epifania

Shangazi yangu Pelagia alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akaishi Munanila kwa kulima viazi mviringo. Alikuwa mbishi. Ukimsifia shamba, alikuuliza unataka nini.

Miaka ile ya kwanza sote tulilima viazi vyeupe, na kila mvua ugonjwa wa baka ulikula nusu: majani yanaota madoa meusi, siku tano baadaye shamba zima linanuka. Ndipo Stanislaus, bwana shamba wetu, akaleta viazi vyekundu. Baka lilivigusa vile vyekundu likashindwa, nasi tukalewa furaha. Tulikula vyeupe vyote mpaka mbegu. Nilimcheka Shangazi alipobakiza mstari mmoja wa vyeupe, na Stanislaus alikuja mwenyewe kuung'oa, akimwambia anafuga ugonjwa.

Mwaka sabini na sita binti yake wa pekee, Epifania, aliolewa Titye, ng'ambo ya Kasulu. Kwetu bibi harusi huenda na kapu la mbegu kutoka shamba la mama yake, na mama mkwe huigawa kwa ndugu wa mume. Nyumba iliyoipanda imemkubali. Shangazi alichagua vyekundu kimoja kimoja, siku mbili nzima.

Novemba aliniita shambani kwake, palipopandwa mbegu ileile. Alilipindua jani moja. Juu lilikuwa na doa jeusi, chini unga mweupe. Nilisema ni baridi tu. Aliagiza Stanislaus aitwe.

Bwana shamba alichuchumaa, akapindua majani ya mstari mzima.

"Baka si moja, mama," alisema. "Lina koo nyingi, zinagombania jani. Ukoo unaoweza kula vyekundu ulikuwepo, ila mnyonge, wenzake waliubana kwenye vyeupe. Tulipoviondoa vyeupe, wenzake walikufa njaa. Tukauachia milima yote."

"Uliuachia wewe," alisema Shangazi.

Stanislaus alikubali. Alisema ugonjwa hujificha ndani ya mbegu, na dawa ilikuwa kung'oa na kufukia kabla ya mvua kubwa. Shangazi alienda nyumbani kufunga kitenge chake. Tulipanda lori mpaka Kasulu, tukamalizia kwa miguu hadi Titye, ilikopandwa mbegu ileile, huku mawingu yakishuka milimani.

Mama mkwe wa Epifania, Kezia, alitupokea vizuri hata nikaona aibu. Alimwita Shangazi bamwana, kama wazazi wa maharusi wanavyoitana, akatutembeza nyumba zote tisa zilizopanda. Viazi vilikuwa vya kijani, vimesimama. Shangazi alipindua majani kila tulipopita. Kwenye bustani ya Epifania alikuta unga mweupe uleule.

Alieleza yote, taratibu, kuliko nilivyowahi kumsikia akieleza jambo. Kezia alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbegu ya bibi harusi haing'olewi, bamwana," alisema. "Ukiing'oa, umemtoa yeye."

Epifania alisimama mlangoni, mimba yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana, akamtazama mama yake. Nilimshika Shangazi mkono. Aliutoa, akainama, akaanza kung'oa. Aling'oa bustani ya binti yake yote na kuifukia, kisha akaenda nyumba ya pili, ambako wanaume walimzuia.

Mvua ilinyesha siku sita mfululizo. Kufikia wiki ya pili mashamba ya nyumba nane zilizobaki yalikuwa meusi, na harufu ile ilifika barabarani. Hapakuwa na kiazi cheupe hata kimoja cha kuanzia upya, Titye wala kwetu. Stanislaus alienda kuwaeleza wakwe habari ya koo za baka. Walimpa kiti, wakamsikiliza, wakamshukuru. Wao walishajua sababu: mwanamke wa Munanila aling'oa mbegu ya bibi harusi.

Epifania alirudishwa kabla ya Noeli. Shangazi alimpokea mzigo, akamwonyesha pa kulala. Nilingoja binti amlaumu mama yake ili yaishe. Hajamlaumu mpaka leo, wala hajawahi kushika jembe kwenye shamba la mama yake.