Ampli Isiyoongeza Kitu

"Zima! Zima hiyo takataka, mi nitatapika!"

Patrick, mwenye duka la redio na spika huko Bwiza, akazima bila kununa. Hiyo ilikuwa ampli ya tano ya kukuzia sauti ya gitaa asubuhi ile, na nne za mwanzo Seifu alizitukana vivyo hivyo. Kila moja Patrick aliifungulia vifungo vyote mpaka mwisho, kama wafanyavyo wauzaji wa mtaa ule, eti mteja aone nguvu. Nguvu gani! Makelele matupu, vioo vya duka vinatetemeka na gitaa lenyewe halisikiki.

Seifu hakuwa mteja wa kuchezewa. Siku za kazi alikuwa fundi wa kupaka rangi magari kule Buyenzi. Siku za harusi, kwa miaka thelathini, alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya Gélase. Mwanawe Anouar alimletea kutoka Ubelgiji kisanduku cha kidijitali, ukubwa wa tofali, chenye kuiga sauti za ampli nyingi za fahari. Kilihitaji tu ampli ya kukipa nguvu. Seifu akakichomeka kwenye ampli yake ya zamani, ile yenye ladha yake yenyewe, na ikawa ni kutia sukari kwenye chai iliyokwisha tiwa sukari, tena kwa kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya samaki wa ndagala. Uchafu mtupu.

Gélase hakumficha. Kwenye mazoezi, mbele ya wenzake wote, alimwonya kuhusu Jumamosi: "Papa Seifu, gitaa yako iko inaharibu nyimbo. Samedi tuko na harusi Gihosha. Ukikuja na ile sauti, solo atapiga Joëlla na kinanda."

Kinanda! Solo la gitaa lipigwe kwa kinanda, na binti aliyejiunga juzijuzi! Tangu siku ile hata chakula kilimkinaisha. Ni ampli, alimwambia kila aliyemuuliza na asiyemuuliza. Ampli ndiyo inayomwaibisha.

"Basi inua hii," Patrick alisema, akimsogezea ya sita. "Sikia uzito, Papa. Hii ni mali."

Ndivyo wanunuzi wa pale walivyozoea: ampli huinuliwa kwanza, kusikilizwa baadaye, na iliyo nyepesi haipati mtu. Seifu akainua. Kitu kikagonga ndani. Akaomba bisibisi, akafungua kifuniko, wakatoka mende watatu, na nyuma yao kikaonekana kipande cha zege kilichofungwa kwa waya.

"Wateja wanapenda uzito," Patrick alisema, bila haya hata kidogo.

"Astaghfirullahi!" Seifu akajifuta mikono kwenye suruali, akabeba gitaa na kisanduku chake, akatoka bila kuaga.

Akaenda moja kwa moja kwa Soumaya, fundi wa redio aliyerithi meza ya baba yake huko Buyenzi. Soumaya alimsikiliza akilaani mji mzima, kisha akashusha kutoka rafuni kitu chepesi cha rangi ya kijivu, chenye kifungo kimoja.

"Hii si ya kutangazia mikutano ya shule?" Seifu alikunja uso.

"Ndiyo, Papa. Haiongezi kitu. Kisanduku chako kimeshapika sauti. Hii inaipakua tu. Na haifichi kitu pia."

Seifu akapiga. Subhanallah! Sauti ilitoka safi, kila uzi peke yake. Akapanda kwenye solo, ile sehemu ambayo maharusi husimama kucheza, na pale juu kabisa noti mbili zikafa.

"Kuna waya umelegea," alisema.

Soumaya akabadilisha waya. Zikafa. Akabadilisha spika. Zikafa palepale. Seifu akaanza kumtukana aliyetengeneza spika, akaona Soumaya anatazama meza.

"Papa," alisema taratibu, "kidole chako cha mwisho hakigusi vizuri."

Seifu akakitazama. Kilikuwa kimejikunja, kigumu, kimezeeka kwa kusugua mabati ya magari. Tangu lini? Ile ampli yake chafu ilikuwa imemfunikia miezi mingapi, naye anaitukana? Karaha yote aliyokuwa nayo kwa zege la Patrick ikamrudia, ikakaa pale kwenye kidole. Angeweza kurudi Bwiza. Kwa Patrick kulikuwa na ampli tano ambazo ndani ya kelele zake hata Gélase asingekisikia kidole kile, na akili yake ilikwenda huko kweli, ikafika mpaka mlangoni pa duka.

"Uchafu," alisema, na safari hii hakumaanisha ampli, ila wazo lile.

"Nikufungie, ao unaiacha?" Soumaya aliuliza.

"Funga."

Akatoa simu, akampigia Gélase.

"Ampli nimepata. Iko safi sana." Akakitazama tena kidole. "Mwambie Joëlla aje mapema samedi. Ile sehemu ya juu ya solo atapiga yeye. Mi nitamuonyesha."