Wema Uliofichwa Chooni

Tokuzo Anzai alipewa jina lenye neno la Kijapani toku, yaani wema wa moyo. Ila ipo toku nyingine inayotamkwa vilevile ila huandikwa kwa herufi nyingine, nayo ni faida. Mwenyewe hujicheka kwamba siku ya kumwandikisha, baba yake alikosea herufi.

Tangu astaafu useremala alikuwa akidamka kwenda kusugua choo cha umma pale kituo cha basi. Hakumwambia mtu, maana wema wa kweli ni ule usioonekana. Basi akauficha vizuri, kisha akaanza kuchungulia kama kuna anayeutafuta. Akiona mtu anapita, anakohoa. Brashi akaiacha mlangoni makusudi. Wapi!

Siku ya mkutano wa mtaa, watu wamekaa mikekani wanakunywa chai, mwenyekiti Bi Kurimoto akasimama.

"Kuna mwenzetu anasafisha choo cha kituoni kimyakimya. Tumeshamgundua. Mzee Igarashi, ahsante sana."

Igarashi, jirani yake Anzai, alikuwa ameonekana akitoka mle na mikono imelowa.

"Jamani, si mimi," akasema. "Niliingia kukojoa tu."

"Mnamwona?" mwenyekiti akadakia. "Hata kusifiwa hataki!"

Kila alipokana, makofi yalizidi. Anzai akakitua kikombe chake cha chai. Akisema, wema wake umekwisha. Akinyamaza, unahamia kwa Igarashi, tena bure. Mkewe, Fusae, akamfinya paja ili anyamaze. Lakini mfinyo ulichelewa.

"Ni mimi," Anzai akasema. "Choo nakisafisha mimi."

 Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Bwana Anzai na utani wako!" akasema Bi Kurimoto. "Ingekuwa wewe, ungejitaja?"

Hata Igarashi alifuta machozi ya kicheko.

Njiani kurudi nyumbani Anzai alitembea mbiombio. Aibu ilimchoma, na wivu ukamchoma zaidi.

"Si ulitaka ufichike?" Fusae akamwambia. "Haya, sasa umefichika."

Anzai akataka kununa, akajikuta anacheka.

Asubuhi iliyofuata aliapa kuendelea kulala. Miguu ikampeleka kulekule. Alikuwa amepiga magoti, brashi mkononi, Bi Kurimoto alipochungulia mlangoni.

"Aa, Bwana Anzai! Kumbe mfano wa Mzee Igarashi umeanza kuzaa matunda."

Anzai akainama kwa heshima, povu likimchuruzika kiwikoni.

"Ndiyo, mwenyekiti," akasema. "Bado najifunza."