Unga wa Mama Kule Uswisi

Mama alisaga wimbi siku tatu kwa jiwe lake, maana hakuwa na imani na mashine ya sokoni. Nilikuwa naenda Uswisi kwa kozi ya miezi miwili, na alikuwa amesikia kanisani kwamba kule kikombe cha chai ni bei ya kuku. Akanifungia kilo nne za unga na mfuko wa chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, aliyoianika juani. Mimi nikanuna. Mtu mzima anapanda ndege na unga! Niliupokea ili tu asilie.

Jamani, hakukosea. Siku ya kwanza niliingia mkahawani, nikasoma bei, nikatoka kama mwizi. Siku nne nilikula mkate na ndizi, tena ndizi zisizo na ladha, mimi niliyekulia Gesima, kwenye migomba. Siku ya tano njaa ikanivunja kiburi, nikafungua mzigo.

Na nilikula vizuri, mtu asikudanganye. Maziwa hayakuwa ghali sana, kabichi pia. Jumamosi jioni maduka yalishusha bei ya nyama kwa sababu Jumapili hayafunguliwi. Mimi ni Msabato, Mungu anisamehe, lakini nilisubiri jua la majira ya baridi lizame, Sabato iishe kwanza, nikakimbia. Chinsaga niliiloweka, nikaichemsha, nikaitia maziwa na kuiacha ilale mpaka kesho yake uchungu upungue, kama mama afanyavyo. Ugali wa wimbi niliusonga kwenye jiko la hosteli, wenzangu wakichungulia sufuria. Nilishiba nikahisi niko nyumbani.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila Sabato baada ya ibada nilimpigia mama, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Umekula nini?" Simu aliiweka sauti ya juu ili akina mama wenzake wa kanisa wasikie mtoto wake aliye Ulaya. Ningesema tu, "Mama, nakula unga wako." Nikaona aibu. Nikajibu, "Spageti na nyama, mama. Huku tunakula hotelini." Akina mama wakapiga vigelegele.

Mama akauliza, "Na unga?"

"Upo tu," nikasema.

Hakuuliza tena habari za unga. Sabato iliyofuata aliuliza spageti inapikwaje. Nikamcheka, nikamwambia, "Nitakuonyesha nikija." Loo, kicheko kile! Mpaka leo kinanichoma.

Wiki moja kabla sijarudi, presha ilimwangusha akichuma majani ya chai. Hakuamka. Nilifika nyumbani nikakuta kaburi tayari limechimbwa.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, niliingia jikoni kwake. Nilitaka kuliona lile jiwe la kusagia, nilishike tu. Halikuwepo. Dada yangu mkubwa akasema mama alimpa jirani.

"Kwa nini?"

"Alisema halina kazi tena. Mtoto amezoea vya Wazungu, wimbi halitamshuka kooni." Kisha akanionyesha rafu. Kulikuwa na pakiti sita za spageti, zimepangwa vizuri, zimefunikwa kitambaa cheupe alichokuwa akiwawekea wageni. "Alienda sokoni Kebirigo mwenyewe kukununulia, na miguu yake ile iliyokuwa ikimuuma."

Nililia nikakaa chini sakafuni. Nilimwambia dada ukweli wote: kwamba unga ndio ulionilisha miezi miwili, kwamba nilikung'uta mfuko mpaka chembe ya mwisho, kwamba nilidanganya kwa sababu ya akina mama wa kanisa. Nilitaka anitukane. Alinifuta uso kwa leso yake kama nilipokuwa mdogo, akachochea moto, akabandika maji.

"Hujala tangu jana," akasema. Akapasua pakiti moja. "Haya niambie, zinachemka muda gani?"

Sikujua. Sikuwahi kupika spageti maishani mwangu.