Siku Mlango wa Shangazi Uliponipandisha

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, ndipo ilipoanza aibu hii ambayo naiandika huku uso ukiwa bado wa moto, na kama kuna mtu wa kijiwe cha bodaboda atakayesema hakucheka, anadanganya, kwa sababu mimi nilikuwa juu na niliwaona wote.

Mlango wenyewe ni wa banda la gari la Shangazi Fausta. Mume wake, anayefanya kazi kwenye miwa huko Kidatu, aliweka mlango wa chuma wa kujikunja, mrefu wa kuingiza hata Fuso, ule wa rimoti: ukibonyeza unapanda wenyewe, ukibonyeza tena unashuka. Gari hajanunua bado, kwa hiyo banda ni la mpunga.

Siku hiyo shangazi alikwenda msibani Lupiro akaniachia mpunga umeanikwa uani kwenye turubai.

"Neema, huo umeshakauka. Wingu likitokea tu, ingiza ndani ufunge mlango. Ukilowa tena, mashineni unatoka chenga tupu, na mimi mchele wangu haujawahi kutoka chenga."

(Ni kweli. Kuna watu wanatoka Kiberege kuufuata mchele wake, na yeye hupenda kulitaja hilo kila akipata nafasi.)

Wingu likatokea. Lilishuka kutoka milimani, jeusi, na upepo mbele yake. Nikalikunja turubai, nikaburuza, nikaburuza, likanishinda pale pale ndani ya mlango, nikaumwaga mpunga wote hapo, lundo kubwa lililoegemea ukuta. Nikabonyeza rimoti. Mlango ukashuka mpaka usawa wa goti, ukasita, ukapanda tena. Nikabonyeza tena, ukashuka, ukasita, ukapanda. Nikaipiga rimoti kwenye paja, nikabadilisha betri kwa zile za saa ya ukutani, nikapaka mafuta ya kupikia kwenye reli, hata nikauambia mlango "tafadhali". Wapi!

Mama Kulwa, jirani yetu, alikuwa uani kwake akitwanga. Ningemwita tu. Lakini mimi ni yule mtu ambaye darasani akijua jibu analiandika pembeni mwa daftari badala ya kunyoosha mkono, kwa hiyo nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani) kwamba mlango ukishuka nitaudandia, uzito wangu utaumalizia.

Nikabonyeza, nikatia rimoti mfukoni, nikashika ule upapi wa chini kwa mikono miwili nikakandamiza. Ukafika gotini, ukasita, ukaanza kurudi. Nikajiambia siachii. Nikasimama nao. Nikanyoosha mikono nao. Miguu ikaondoka chini, na nikaendelea kutoachia, sijui kwa nini, mpaka mlango ukafika mwisho wake, ukanyamaza, na mimi nikabaki nimening'inia kama nguo kwenye kamba, ndala moja imeanguka, nikiwatazama watu wa barabarani.

"Oyaa! Bibie kapanda ghorofa!"

"Achia dada, tukudake!"

Ukiwa chini ni kama mita moja tu. Ukiwa juu ni mlima mzima. Na hapo ndipo mimi, Neema nisiyesikika hata nikiimba kwaya, nilipopiga ukelele ambao nadhani ulivuka mto: "Mama Kulwaaa! Nisaidie!"

Akaja anaviringisha kinu chake, akakifudikiza chini yangu.

"Kanyaga hapo, mwanangu. Unatafuta nini huko juu?"

"Nafunga mlango, mama."

"Haya. Kumbe unafungwa hivyo."

Matone yakaanza, na upepo ukayatupa moja kwa moja kwenye lundo la mpunga. Nilitaka kulia. Mama Kulwa akawageukia wale vijana: "Nyie mnaocheka, leteni mikono! Mpunga wa mtu unalowa!" Wakaja watatu, kwa ndoo, sado na karai, tukauhamishia ndani kabisa mwa banda, mimi nikizoa kwa ile ndala iliyoanguka.

Lundo lilipopungua, kikaonekana chini ukutani kitaa chekundu. Jicho la mlango! Fundi alituambia siku ya kwanza kwamba jicho hili likiona kitu njiani mlango unarudi, usije ukambana mtoto. Nililifukia mwenyewe kwa mpunga. Na mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, swali hilo nililipata mtihani wa fizikia, vyema kubwa. Nikakisukumia kinu nje ya mlango.

Nikabonyeza. Ukashuka, ukashuka, ukagota sakafuni, giza, na sote sita… hapana, watano, tulikuwa ndani tukishangilia, mvua ikipiga bati, pikipiki zao zikilowa nje. Tukaketi kwenye magunia, wakawa wanasimulia jinsi nilivyopanda, na nikajikuta nacheka kuliko wao.

Shangazi alirudi mvua ilipokatika, akafungua kwa rimoti yake, akatukuta tumekaa kama mkutano. Hakusalimia.

"Mpunga?"

"Mkavu, shangazi."

Akachukua punje moja, akaing'ata kwa jino la pembeni. Ikalia *ka*. Ndipo akauliza kwa nini kinu cha Mama Kulwa kiko mlangoni kwake.

Nimeapa: kitu kikinishinda, sitakidandia. Nitaita mtu.

Asubuhi yake jua lilitoka mapema. Nikatandika turubai uani, nikaanika gunia jingine lililokuwa bado halijakauka, kisha nikaenda mpaka mlangoni kwa Mama Kulwa, nikasema shikamoo kwa sauti, nikamwomba aje anisaidie kugeuza mpunga. Kugeuza mpunga ni kazi ya mtu mmoja. Alijua, na alikuja.