Bahari Niliyoifungia Chini ya Nyumba

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Niliamka nikijiona mtu mwenye haki, na kabla uji haujapoa nilikuwa nimemwita mwanamke mzima mchawi mbele ya avenyu nzima, mtaa wetu wote. Kaa nikueleze nilivyofika hapo. Najua tayari unashuku kwamba mzee huyu anataka kukuelekeza jambo. Ndiyo, nataka.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Mtu akinisalimu kwa furaha sana, najiuliza amevunja nini. Kwetu Butembo mama yangu alikuwa akisema nilimkagua hata mkunga. Sikatai kwamba tabia hiyo imeniokoa sokoni mara nyingi.

Basi, ujanani nilifanya usafi katika nyumba ya mgeni mmoja kule Himbi, mtaa wa wenye fedha kando ya ziwa. Mgeni huyo alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake kipande cha bahari: matumbawe, ambayo ni wanyama ingawa ukiyatazama utasema ni mawe au maua, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mimi ambaye sijawahi kuiona bahari nilifundishwa kupima chumvi, kuosha pampu na kuangalia joto la maji. Alipomaliza kazi yake na kurudi kwao, aliniachia vyote, pamoja na magunia ya chumvi yake maalumu. Nilivisafirisha kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, tangi limeviringishwa kwenye godoro, matumbawe na samaki ndani ya ndoo, na mimi nikitembea kando nikimwangalia kila mpita njia kwa jicho la pembeni.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, vyumba viwili vya mbao juu ya mteremko wa mawe ya volkeno. Ndani hapakuwa na nafasi, na mke wangu Kavira alisema wazi kwamba hatalala na samaki. Lakini chini ya sakafu, upande wa bondeni, palikuwa na shimo kwenye mwamba, lenye mlango mdogo wa mbao, ambamo mwenye nyumba wa zamani aliweka viazi. Mtu aliweza kuingia akiwa ameinama, akachuchumaa, basi. Nilipapenda mara moja. Jua halikufika, joto halikubadilikabadilika, na zaidi ya yote macho ya watu hayakufika. Nikapanga mawe, nikalaza ubao, nikaweka tangi. Nikatundika taa kwenye boriti na kuunganisha pampu na betri ya gari iliyopata umeme kutoka paneli ya jua juu ya bati. Siku matumbawe yalipofunguka nilimwita Kavira, naye akachuchumaa kando yangu hadi maharage yakaungua jikoni. Nilifurahi sana siku ile.

Jirani yetu alikuwa Mama Furaha, mjane muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mzaliwa wa upande huohuo. Aliponiona nikiingiza ndoo alikuja hadi kwenye ua wa miti uliotutenganisha.

"Papa, usitie kintu ya uzima mule," akaniambia. "Mule kuko mazuku. Mbuzi yangu ilifiaka mule."

Mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini huku kwetu karibu na volkeno. Haina rangi. Usiku usio na upepo hujaa mabondeni na mashimoni, na anayeivuta anaweza asiamke. Mwenyeji anaijua kama anavyojua jina lake. Mimi mtu wa kuja nilicheka, nikaisikia habari hiyo kwa sikio moja, maana sikio la pili lilikuwa linajiuliza: kwa nini huyu mama anahangaikia shimo langu? Nikaamua kwamba analitaka kwa ajili ya makala yake.

Haukupita muda nikaanza kukuta mlango wa shimo wazi kila asubuhi, na jioni niliufunga kwa mkono wangu. Kisha samaki mmoja akawa anahema juujuu ya maji, kesho yake akafa. Matumbawe yakajikunja. Nilipima chumvi, sawa. Joto, sawa. Pampu ilizunguka. Basi kilichobaki ni mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na nguo yangu ya karibu ilikuwa Mama Furaha. Nikamwaga jivu mbele ya mlango. Asubuhi nikakuta alama za kandambili zake, ya kushoto ikiwa imelika kisigino. Mwanangu, hakuna furaha mbaya kama ya mtu wa kushuku aliyepata ushahidi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu, mkuu wa avenyu. Watu wakakusanyika. Nikasema mama huyu ametia sumu katika maji yangu, na nilipoona wananisikiliza nikaongeza neno lile jingine, ambalo likimshika mwanamke mjane halimwachii. Mama Furaha hakupiga kelele.

"Nilifunguaka mulango juu hewa mubaya itoke," alisema. "Nilikuambia, ukacheka."

Shefu akamkataza kukanyaga kiwanja changu. Kuanzia siku hiyo wanawake walipita mbele ya makala yake wakaenda kununua mbali, hata mvua ikinyesha.

Mimi nikanunua kufuli. Nikaziba mlango pande zote kwa udongo na vipande vya magunia, kwa kuwa wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hao nadhani hawakuwahi kufika Lac Vert.

Asubuhi ya nne, baada ya usiku mtulivu kabisa, nikafungua kufuli. Betri ilikuwa imekwisha na taa imezimika, kwa hiyo nikainama ndani na kuwasha kiberiti. Kikazimika. Nikawasha kingine, nacho kikazimika, na hapo nikamshuku mwenye duka kwamba ameniuzia viberiti vilivyolowa. Hilo ndilo wazo la mwisho ninalolikumbuka. Nikaanguka, kichwa ndani na miguu nje.

Mengine nimeyasikia kwa Kavira. Aliona miguu yangu imetokeza mlangoni, akakimbia ili aniinamie. Akashikwa kitenge kwa nyuma. Mama Furaha alikuwa amekwisha kuvuka ua, katazo la shefu ama amelisahau ama amelidharau.

"Usiiname," alimwambia. "Ukiinama mutakufa wawili. Simama wima, tuvute na jembe."

Wakainasa suruali yangu kwa jembe, wakanivuta wakiwa wamesimama, vichwa vyao juu ya ile hewa, hadi juu ya mteremko penye upepo, ambako nilitapika na kuanza kulia. Samaki wa pili alikuwa amekufa. Matumbawe nayo yaligeuka meupe siku chache baadaye, na sikuyalilia.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Avenyu ikasema: kama si yeye aliyemwangusha, alijuaje namna ya kumwinua? Nilirudi kwa shefu nikayameza maneno yangu mbele ya wote. Wakasema nimerogwa ulimi. Alfajiri moja nikawaita wote shimoni, nikashusha mshumaa kwa fimbo ndefu, ukazimika usawa wa goti. Baadhi walielewa, na shefu akaondoa katazo lake. Wengine waliutazama ule mshumaa wakaniuliza ni nani aliyenipa. Hao nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe.

Mama Furaha akafunga vitu vyake akaenda Rutshuru kwa binti yake. Mimi na Kavira tukamfuata kwa minibasi, tukapiga magoti uani, akatuinua, akatupa viazi tule. Nikamwomba arudi. Nikaahidi kuzunguka nyumba kwa nyumba hadi kila mtu aamini.

"Nilishakusamehe, mutoto yangu," akasema. "Lakini kule siwezi kurudia. Weye ulilisema siku moja. Bale ba kwenye avenyu banalisema kila siku."

Hakurudi. Alifia kwa binti yake, mbali na ardhi aliyozaliwa, na mimi ndiye niliyemtoa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mimi mwenyewe nimeshindwa, na siku hizi simu inafikisha neno kabla hujalimaliza. Nakuambia hivi: jambo likiharibika mkononi mwako, anza kuushuku mkono wako. Mwenyeji akikuonya, muulize ameona nini kabla hujajiuliza anataka nini. Na jina la mtu usilitaje kwa ubaya mbele ya watu mpaka umeketi naye akakujibu, maana maji yakimwagika hayazoleki, nami nimejaribu kuyazoa hadi nimezeeka. Ukipita avenyu ile leo utawasikia vijana wakimtaja yule mchawi wa makala, nao hata sura yake hawakuiona. Waambie hakuwa mchawi. Waambie umeambiwa na yule aliyeuanzisha uongo huo.

Mungu akupe macho makali, mwanangu, na ulimi mzito kuliko macho hayo.